Magazijuto na Juto Lake

Watu wengi waliosoma shule ya msingi Tanzania wamesahau mengi waliyofundishwa, lakini neno moja limewaganda kichwani: Magazijuto. MA ni mabano, GA ni gawanya, ZI ni zidisha, JU ni jumlisha, TO ni toa. Huo ndio utaratibu wa kukokotoa hesabu yenye alama mchanganyiko. Nimelifundisha neno hilo kwa miaka mingi, chini kule Korogwe kwenye joto na huku juu Dindira kwenye ukungu na mashamba ya chai. Katika ustaafu wangu bado nalisikia likiimbwa na watoto wanaopita njiani.

Sisi tuliosoma miaka ya mwanzo ya Uhuru tulikariri BODMAS. Lilikuwa neno la Kiingereza, nasi tulilitamka kama jina la mgeni ambaye hatukupata kumwona. Baada ya mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, hesabu nazo zikaanza kusema lugha ya watoto. Mtoto anapotamka "gawanya" anaona ndugu zake wakigawana muwa. Hiyo ni faida kubwa, na sitaki msomaji adhani kwamba nataka kuibeza.

Hata hivyo, neno la kukaririwa ni kama ufunguo: humfikisha mtu ndani, lakini halimwelezi nyumba ilivyojengwa. Kwa nini tuzidishe kabla ya kujumlisha? Nilikuwa nawapa wanafunzi mfano wa dukani. Umenunua mkate wa shilingi 1,500 na maandazi matatu ya shilingi 200 kila moja. Tunaandika 1,500 + 3 × 200. Maandazi yana bei yake, shilingi 600, na jumla yote ni shilingi 2,100. Lakini ukibonyeza hesabu hiyo kwenye kile kikokotoo kidogo cha bei nafuu, ambacho hufanya kila tendo kadiri unavyobonyeza, kitajumlisha 1,500 na 3 kwanza, kisha kizidishe kwa 200. Utaambiwa ulipe shilingi 300,600! Watoto walicheka sana. Kicheko hicho kilifundisha kuliko fimbo, kwa sababu kila mmoja aliona mwenyewe kwamba huwezi kujumlisha shilingi na maandazi.

Mabano nayo niliyafundisha kwa chai, maana wengi wa wanafunzi wangu walikuwa watoto wa wachumaji. Tuseme mama amepeleka makapu matatu kwenye mizani. Kila kapu lililojaa lina kilo 14, na kapu tupu lina kilo 2. Majani yake ni (14 − 2) × 3, yaani kilo 36. Yafute mabano hayo, uandike 14 − 2 × 3. Sasa kila anayefuata utaratibu sawasawa atazidisha kwanza na kupata kilo 8. Mama aliyepanda na kushuka mteremko tangu alfajiri amepoteza kilo 28 kwa sababu ya vijialama viwili vilivyopinda. Darasa lilinyamaza kila nilipofika hapo. Walikuwa wamemwona mama.

Nije sasa kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Neno Magazijuto lina mtego, nao uko mwishoni mwake.

Wakati nikiwa mwalimu mkuu nilikuwa na desturi ya kukagua madaftari. Siku moja nilikuta daftari la msichana wa darasa la tano. Swali lilikuwa 12 − 5 + 3. Msichana alikuwa ameandika 10, naye mwalimu wake, kijana hodari aliyetoka chuoni karibuni, alikuwa ameweka alama ya kosa kwa wino mwekundu na kuandika kando: "JU kabla ya TO. Jibu ni 4." Nilifunua kurasa za mbele. Swali la namna hiyo lilirudi wiki iliyofuata, na safari hii msichana aliandika jibu la kijana yule, akajumlisha kwanza, akapewa vema.

Vema ile ilinisumbua kuliko kosa la kwanza. Mtoto huyu alijua. Akafundishwa kutokujua, akapongezwa kwa hilo.

Nilimwita mwalimu ofisini, tukiwa wawili tu, maana mwalimu hasahihishwi mbele ya wanafunzi wake. Akasema kwa adabu, "Mzee, neno lenyewe ndilo linalosema. JU imetangulia TO."

Nikamwambia, "Mwanangu, tuliweke neno kando kidogo. Bibi ana mayai 12. Ameuza 5. Kuku wakataga mengine 3. Ana mangapi?"

Akachukua chaki 12 kutoka kwenye boksi, akaondoa 5, akarudisha 3. Akahesabu, akanyamaza. Halafu akauliza, "Sasa yale sita yalikwenda wapi?"

Lilikuwa swali la mwalimu wa kweli. Yalipotea kwa sababu alijumlisha 5 na 3, akatoa zote 8. Yale matatu yaliyotagwa hayakuongezwa, na juu ya hayo yakatolewa. Tatu ambazo hazikuingia na tatu zilizotolewa bure ni sita.

Kesho yake aliingia darasani akasema, "Jibu la 10 lilikuwa sahihi. Aliyekosea ni mimi." Akaita daftari la yule msichana, akaweka vema mbele ya wenzake. Tangu siku hiyo nilimheshimu kijana yule kama mwalimu mkongwe.

Ukweli ni kwamba kujumlisha na kutoa ni ndugu wa rika moja. Hakuna mkubwa kati yao. Hufanywa kwa kufuatana kutoka kushoto kwenda kulia, kama tusomavyo. Kugawanya na kuzidisha ni vivyo hivyo. Ila kwa bahati njema, GA kutangulia ZI hakuleti madhara: 24 ÷ 4 × 2 hutoa 12, na 24 × 4 ÷ 2 hutoa 48 hata ukianza kugawanya. Wamarekani hutumia neno PEMDAS, ambalo hutaja kuzidisha kabla ya kugawanya. Mtoto wao akilifuata kwa upofu, ile 24 ÷ 4 × 2 ataifanya 24 ÷ 8, apate 3. BODMAS ya Waingereza ina mtego uleule wa kwetu. Basi wasidhani watu kwamba Kiswahili ndicho kilichokosea. Kila lugha iliyotaka kufupisha jambo hili imeacha shimo mahali fulani.

Je, tulibadili neno liwe Magazitoju? Kutoa kukitangulia, 12 − 5 + 3 itatoka salama. Lakini mpe mtoto mdogo 4 + 3 − 5, atakwama kwenye 3 kutoa 5. Hakuna neno litakalofanya kazi ya akili.

Dawa niliyoitumia ni ndogo sana. Niliwafundisha kulitamka neno kwa vituo vitatu badala ya vitano: MA, GAZI, JUTO. Watoto walipiga makofi matatu. Kofi la kwanza, mabano. La pili, kugawanya na kuzidisha kutoka kushoto. La tatu, kujumlisha na kutoa kutoka kushoto. Neno ni lilelile, tofauti ni mahali pa kuvuta pumzi tu.

Walimu vijana wanaopita kunisalimu huwaambia kwamba utaratibu huu ni makubaliano ya watu, kama magari yetu yanavyopita kushoto. Yanatufaa kwa kuwa sote tunayafuata, na kwa hiyo hatuna budi kuyafundisha bila kulegea. Lakini makubaliano yaliwekwa ili mayai yahesabike, wala hayakuwekwa ili mtoto akane mayai anayoyaona. Majuto ni mjukuu, na hili neno letu limetutajia juto mapema. Mwanafunzi akileta jibu lisilolingana na kanuni uliyoikariri, kabla hujagusa wino mwekundu, mwulize amelipataje, kisha hesabuni chaki pamoja.