Jina Lililobaki

Aghalabu jina humfuata mwenyewe hadi kaburini. Katika bendi za muziki mambo huwa kinyume: watu huondoka, jina likabaki. Hali hii yadhihirika wazi katika Soft Machine, bendi iliyoundwa Canterbury, Uingereza, mwaka wa 1966, na ambayo hatimaye ilihesabiwa miongoni mwa waliofungamanisha muziki wa jazi na ule wa roki. Hata jina lenyewe, ambalo maana yake ni “mashine laini”, lilikuwa la kuazima. Mwandishi William Burroughs wa Marekani alikuwa amekwisha kuipa riwaya yake anwani hiyo.

Waasisi walikuwa wanne: Mike Ratledge kwenye kinanda, Kevin Ayers kwenye gitaa la besi, Daevid Allen kwenye gitaa, na Robert Wyatt, aliyepiga ngoma huku akiimba. Wa kwanza kutoka hakutoka kwa hiari yake. Mwaka wa 1967, bendi ilipokuwa ikirejea kutoka Ufaransa, Allen, mzaliwa wa Australia, alikataliwa kuingia Uingereza. Akasalia Paris, na huko akaanzisha bendi ya Gong. Ayers alijitoa mwaka wa 1968, baada ya safari za Marekani ambamo walikuwa wakimtangulia Jimi Hendrix jukwaani. Mahali pake pakachukuliwa na Hugh Hopper, ambaye awali alikuwa mhudumu wa vyombo vya bendi hiyo hiyo.

Mwaka wa 1969 akaingia Elton Dean na saksafoni yake. Tungo zikarefuka, maneno yakapungua. Albamu ya Third ya mwaka wa 1970 ilikuwa santuri mbili zenye nyuso nne, na kila uso ulibeba utungo mmoja tu. Kati ya hizo nne, ni moja pekee iliyoimbwa, nayo ni “Moon in June” ya Wyatt. Katika nusu yake ya kwanza karibu kila ala ilipigwa na Wyatt mwenyewe. Wenzake wanasikika baadaye, sauti ya mwimbaji ikiwa imekwisha kunyamaza. Mtu ana bendi, naye ajipigia peke yake! Msikilizaji hahitaji kusimuliwa ugomvi wao. Santuri yenyewe yausema.

Yafaa kutaja pia kwamba mwaka wa 1969, walipokwenda kurekodi wimbo huo katika studio za BBC, Wyatt aliyaacha maneno ya awali akaimba juu ya studio yenyewe na watu wa redio. Wanaofahamu jinsi malenga anavyoligeuza shairi papo hapo kulingana na hadhira hawatashangaa. Huyu alikuwa mtu wa maneno, na bendi ilikuwa ikielekea kwenye ukimya wa maneno. Albamu ya Fourth ya 1971 haina neno hata moja lililoimbwa. Mwaka huo huo Wyatt akaondoka.

Bendi yake mpya aliiita Matching Mole. Kwa Kiingereza jina hilo ni fuko anayefanana na mwenzake, jambo lisilo na kichwa wala miguu. Lakini litamke kwa haraka, nawe utasikia machine molle, yaani “mashine laini” kwa Kifaransa. Ni mzaha, ndiyo, ila ni mzaha wa mtu ambaye bado ana kidonda. Tarehe 1 Juni 1973 alianguka kutoka dirishani katika karamu, akapooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Mpiga ngoma hana ngoma bila miguu. Kilichomsalia kilikuwa ile sauti ambayo Soft Machine haikuihitaji tena, na kwayo akatoa Rock Bottom mwaka wa 1974. Miongoni mwa waliompigia besi humo ni yule yule Hopper, ambaye naye alikuwa amekwisha kuihama bendi.

Huko nyuma mabadiliko yaliendelea. Dean alitoka mwaka wa 1972. John Marshall, Karl Jenkins na Roy Babbington, wote waliopitia bendi ya Nucleus, waliingia mmoja baada ya mwingine. Allan Holdsworth akalirejesha gitaa katika Bundles ya 1975, kisha akampisha John Etheridge. Ratledge, mwasisi wa mwisho, aliondoka mwaka wa 1976. Ni kweli kwamba Bundles ni kazi nzuri, tena nzuri sana. Hata hivyo, anayeisikiliza mara tu baada ya albamu ya kwanza ya 1968 atadhani kuwa mwenye duka amekosea jalada.

Ayers alifariki mwaka wa 2013, Allen 2015, na Ratledge Februari 2025. Baadhi ya wanamuziki wa zamani walikuwa wakipiga pamoja kwa jina la Soft Machine Legacy, yaani “urithi”. Mwaka wa 2015 waliliondoa neno hilo la mwisho, wakabaki na jina lilivyokuwa tangu awali. Jukwaani walikuwapo Etheridge, Marshall na Babbington, pamoja na Theo Travis kwenye saksafoni. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwamo katika bendi mwaka wa 1966.