Bango la Somo na Bango la Ukuta: Safari ya Chati katika Madarasa ya Tanzania

Katika vyuo vya ualimu vya Tanzania, zana za kufundishia na kujifunzia, yaani vitu vyote ambavyo mwalimu huviingiza darasani ili mwanafunzi aone, aguse au asikie kile kinachozungumzwa, zimekuwa kwa miongo mingi sehemu ya lazima ya mafunzo, na miongoni mwa zana hizo iliyozoeleka zaidi ni bango la picha na maandishi ambalo walimu wengi huliita chati. Andalio la somo, ule ukurasa unaoandikwa kabla ya kipindi kuonyesha mada, malengo na hatua za ufundishaji, lilitenga nafasi ya kutaja zana, na mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha hakuthubutu kuiacha wazi. Hata hivyo, kinachokumbukwa na waliosoma miaka ya 1980, akiwamo mwandishi wa kumbukumbu hizi aliyeitazama kazi hiyo kutoka upande wa madawati, ni kwamba chati ya wakati ule haikukaa ukutani: ilikuja na mwalimu ikiwa imeviringishwa kwapani, ikatundikwa kwenye msumari juu ya ubao, ikafanya kazi yake, na kipindi kilipokwisha ikaondoka naye.

Sehemu ya sababu ilikuwa majengo yenyewe, kwani darasa lisilo na milango wala vioo vya madirisha liliingiliwa na mvua, upepo na mbuzi, na karatasi iliyoachwa humo jioni haikutarajiwa kukutwa asubuhi. Sababu nyingine ilikuwa uhaba. Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe ameandikishwa ifikapo 1977, lilijaza madarasa haraka kuliko vitabu vilivyoweza kuchapwa na walimu walivyoweza kuandaliwa, hata vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku tayari wakifundisha. Na uchumi ulipoyumba mwishoni mwa muongo huo, karatasi ya manila, ile karatasi nene na pana inayofaa kwa michoro, ikawa kitu cha kutafutwa kwa kujuana.

Mbadala wake ulikuwa mfuko wa saruji. Mfuko wa karatasi wa kilo 50 ulikuwa na matabaka kadhaa ya karatasi ya kaki, na mwalimu aliyejua kazi yake aliupasua ubavuni, akaukung'uta vumbi, akaliweka kando tabaka la nje lenye chapa ya kiwanda na lile la ndani lililoshika saruji, kisha akayanyoosha matabaka ya katikati kwa pasi ya mkaa. Mchoro ulihamishwa kutoka kitabuni kwa njia ya miraba: miraba midogo ilichorwa kwa penseli juu ya picha, miraba mikubwa juu ya karatasi, na mkono ukafuata mstari mraba baada ya mraba mpaka mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, kutoka kinywani hadi utumbo mpana, ukatokea ukiwa na urefu wa mtoto. Weusi ulitokana na mkaa, wekundu na unga wa tofali la kuchoma, ukijani na majani yaliyopondwa. Njano iliepukwa kwa sababu juu ya kaki haikuonekana. Fito mbili, moja juu na nyingine chini, ziliizuia karatasi isijikunje, na kamba ya katani ikamalizia kazi.

Chati iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ile isiyo na majina, ambayo mistari yake ya kuelekezea viungo iliishia patupu, ili mwanafunzi aitwe mbele, akabidhiwe fimbo na aseme mwenyewe ini ni lipi na kongosho ni ipi. Kwa kuwa mwalimu aliichora mwenyewe usiku kwa taa ya chemli, alikuwa amekwisha kulisoma somo lake mara mbili kabla ya kulifundisha, faida ambayo haikuandikwa popote katika andalio. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba zote zilikuwa za namna hiyo. Nyingine zilirithiwa na mwalimu mmoja kutoka kwa mwingine bila kuguswa, na zipo ramani za Afrika zilizoendelea kuionyesha Zaire muda mrefu baada ya mwaka 1997.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa katika shule za msingi. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005, madarasa mapya yakajengwa, na ruzuku iliyopangwa kwa kila mwanafunzi ikaleta fedha kidogo za vifaa. Manila na maka peni zikapatikana madukani, na pamoja nazo yakaja mabango yaliyochapwa tayari, yenye plastiki na rangi zinazong'aa, ambamo herufi za alfabeti zilifuatana na matunda na wanyama ambao mtoto wa Bariadi au Tandahimba hakuwahi kuwaona. Ubaya wake mkubwa zaidi ulikuwa ukubwa wa maandishi: bango lililokusudiwa kusomwa na mtoto mmoja nyumbani lilitundikwa mbele ya watoto 80, na waliokaa nyuma waliambulia rangi tu.

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika mwaka 2015, uliojikita katika stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK, uliimarisha wazo lililokwisha kuanza kuenea, la darasa linaloongea, ambalo kuta zake zimejaa silabi, namba, majina ya siku na picha ili mtoto azungukwe na maandishi hata mwalimu anapokuwa nje. Viroba vya salfeti, ambavyo havichaniki na hufutika kwa kitambaa chenye maji, vimechukua nafasi ya mfuko wa saruji, na shule nyingi zimechora ramani na mifumo ya mwili moja kwa moja kwenye kuta za nje. Wazo lenyewe ni jema kwa mtoto anayeanza kusoma, lakini limegeuza tabia ya chati bila watu kulijadili sana. Bango linalokaa ukutani mwaka mzima huacha kutazamwa baada ya wiki chache, na kwa kuwa majibu yote yameandikwa juu yake, halimwachii mwanafunzi la kusema. Wathibiti ubora wa shule, ambao zamani waliitwa wakaguzi, wanaweza kulikuta darasa limepambwa kila pembe huku somo la siku hiyo likiwa halihusiani na hata bango moja.

Katika shule zilizopata umeme na projekta, mchoro wa moyo au wa ua hutokea ukutani kipindi kinapoanza na kutoweka kinapokwisha, kama ilivyokuwa kwa karatasi ya kaki, ingawa walimu walio wengi huonyesha mchoro uliokwisha kuandikwa majina yote, na ni wachache wanaoyafuta kwanza ili wanafunzi wayataje wenyewe.