Shaw, Washington: Mgeni alipotaka ngoma inyamaze

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mtaa wa Shaw, jijini Washington, Marekani, wageni wamekuja kwa wingi, lakini wenyeji wengi hawakupona. Wamehama.

Anayefika kwenye kona ya Barabara ya 7 na Florida Avenue husikia mtaa kabla ya kuuona. Nje ya duka moja la simu kuna spika inayopiga go-go. Jina lisimchanganye msomaji: muziki huu hauna undugu na Wagogo wa Dodoma. Ulizaliwa Washington miaka ya 1970, na baba yake ni mpiga gitaa Chuck Brown. Ngoma na kengele hulia, mwimbaji huita, watu huitikia, na wimbo mmoja ukiisha mapigo hayakatiki hadi unaofuata uanze.

Wapita njia walikuwa wameusikia muziki huo dukani hapo tangu miaka ya 1990. Aprili 2019 ukazimwa. Ilielezwa kwamba mkazi wa jengo jipya la ghorofa lililo jirani alilalamikia kelele. Habari zilipoenea, bendi zilipiga barabarani, vijana na wazee wakacheza pamoja, na makumi ya maelfu ya watu wakatia saini kupinga. Siku chache baadaye spika ikarudi mahali pake.

Kwa nini watu wagombanie spika? Kwa sababu mtaa huo walijijengea wenyewe. Chuo Kikuu cha Howard kilianzishwa hapo jirani mwaka 1867. Enzi za ubaguzi, Weusi walipozuiwa kwenye hoteli na kumbi nyingi za Wazungu, walikuwa na kwao: Howard Theatre tangu 1910 na Lincoln Theatre tangu 1922. Duke Ellington, mwanamuziki mashuhuri wa jazi, alikulia mitaa hiyo. Barabara ya U ikaitwa Broadway ya Weusi.

Mwaka 1958 Ben Ali, mhamiaji kutoka Trinidad, na mkewe Virginia walifungua mgahawa wa Ben's Chili Bowl. Hadi leo wateja hupanga foleni kula mkate wenye soseji, uliomwagiwa mchuzi mzito wa nyama na pilipili. Mgahawa huo uliona Aprili 1968, Martin Luther King alipouawa na hasira ikageuka moto mtaani. Uliona pia miaka ya majengo matupu na dawa za kulevya, kisha mashimo ya ujenzi wa reli ya chini ya ardhi. Waliobaki walivumilia yote hayo. Treni ilipoanza kusimama hapo mwaka 1991, bei za nyumba nazo zikaanza safari yake.

Hakuna anayefukuzwa kwa fimbo. Mpangaji huambiwa kodi imepanda. Mama mjane mwenye nyumba aliyoachiwa na mumewe huona kodi ya jengo ikipanda kufuata thamani ya nyumba, ilhali pensheni yake ni ileile. Sheria ya mji ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji nafasi ya kwanza ya kununua jengo linapouzwa, lakini nafasi bila fedha ni mlango usio na ufunguo. Mwaka 1970 Weusi walikuwa takriban asilimia 71 ya wakazi wa Washington. Kufikia 2011 walikuwa wamepungua chini ya nusu.

Majina, hata hivyo, hayakuhama. Katika Barabara ya U kuna jengo la fleti za kifahari liitwalo The Ellington. Jina la mwanamuziki limebaki ukutani, na wajukuu wa waliomcheza wanapanga nyumba kwingine.

Wengi wamehamia Prince George's, ng'ambo ya mpaka, jimboni Maryland. Jumapili baadhi yao hurudi kwa magari kusali katika makanisa waliyobatizwa, na hapo huanza ubishi na wakazi wapya kuhusu nafasi za kuegesha. Mwaka huohuo wa spika, wanafunzi wa Howard nao walilalamika kwamba majirani wapya wanatembeza mbwa wao katika uwanja wa chuo kana kwamba ni bustani ya umma.

Si kila mgeni ana kosa. Wapo walioingia foleni ya Ben's, wakajifunza majina ya majirani na kusimama nao siku ya spika. Kosa ni kuupenda mtaa kwa utamu wake, kisha kuwataka waliouungia viungo wanyamaze.

Mwaka 2020 Washington ilitunga sheria kuutambua go-go kuwa muziki rasmi wa mji. Ni heshima kubwa, na wenyeji waliifurahia. Lakini sheria hiyo inalinda ngoma. Mpiga ngoma bado anadaiwa kodi mwisho wa mwezi.