Gombo la Nabugoye

Basi la kutoka Nairobi lilipita Eldoret usiku, na asubuhi tukavuka mpaka pale Malaba. Njia yenyewe haina mengi: vumbi, foleni ya kugongewa pasipoti, malori yaliyosimama bila mwisho. Kilichonihangaisha ni saa. Nilikuwa nimeonywa nifike Nabugoye, nje kidogo ya Mbale, kabla ya jua la Ijumaa kuzama, kwani Sabato ikishaingia hakuna wa kupokea simu wala wa kunifuata stendi. Bodaboda ilinipandisha kilimani jua bado lipo.

Hapo wanaishi Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Aliyeianza njia yao ni jemadari Semei Kakungulu, mwaka 1919, baada ya kuisoma Biblia na kushikilia kwamba tohara ni lazima. Utawala wa Idi Amin uliipiga marufuku dini hiyo. Waliobaki nayo wakasali kwa kujificha.

Mimi ni Muislamu wa Mombasa, na adabu ya kitabu kitakatifu nilijiona naijua: udhu, marfaa, kutokiweka chini. Kumbe kwao sheria imekwenda mbali zaidi. Ngozi ya gombo la Torati haishikwi kwa mkono mtupu, hata ukinawa vipi. Katazo hilo limo katika Talmud, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi. Kwetu maji hufungua njia ya kuushika Msahafu, kwao hayafungui.

Jumamosi asubuhi, ndani ya sinagogi, kabati la gombo lilipofunguliwa, wote tukasimama. Gombo likatoka limevishwa kitambaa, limeegemezwa bega la kulia la aliyelibeba. Lilipopita kati ya watu, kila mmoja aligusa vazi la gombo kwa pindo la shali ya sala, akalibusu pindo. Mezani msomaji alifuata mistari kwa kijiti chenye ncha kama kidole. Maandishi hayana irabu wala vituo, hivyo huwezi kusimama pale bila kujiandaa wiki nzima. Na ukikosea neno likabadilika maana, walio kando yako wanakurudisha papo hapo, bila kukuonea haya.

Kisha gombo likainuliwa. Mwinuaji hulifungua safu tatu za maandishi zionekane, halafu hugeuka nalo ili wote waone. Gombo limeviringishwa kwenye miti miwili, na mwanzoni mwa mwaka wa usomaji karibu uzito wote uko mti wa kushoto, kwa hiyo kazi hiyo hapewi yeyote tu. Nilitamani kuandika haya palepale, lakini Sabato haina kalamu.

Wakati wa chakula, kilichopikwa tangu jana yake, nilimkalia mzee mwenyeji wangu kwa maswali.

“Gombo likianguka, Mzee?”

“Watu hufunga. Wengi husema siku 40, lakini hilo ni desturi. Rabi ndiye anayeamua.”

“Na herufi moja ikikutwa imekatika katikati ya ibada?”

Herufi zenyewe ni 304,805. Akasema gombo lile linarudishwa, linatolewa jingine, na lile bovu hufungwa mshipi juu ya vazi ili mtu asije akalitoa kabla mwandishi hajalitengeneza.

“Kama hakuna jingine?”

“Hapo, mwanangu, ndipo marabi wanapoanza kubishana,” akasema, akanisogezea sahani. “Kula kwanza.”