Asali ya Msitu na Ulimi wa Mtoto



Tulisafiri ndugu watatu pamoja na mama yetu, kutoka Mombasa hadi Kakamega, kumzuru mdogo wetu aliyejifungua mtoto wa kiume. Tulibeba tende, udi na kanga za mzazi. Nchi ile si ugeni mtupu kwetu: Mumias, iliyomo katika kaunti hiyohiyo, ilikuwa kituo cha misafara ya wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, na Nabongo Mumia mwenyewe alisilimu.

Siku ya saba, jirani anayeishi ukingoni mwa Msitu wa Kakamega alituletea kichupa cha asali. Ilikuwa nyepesi, yenye uchachu, si kama tuliyoizoea. Ni asali ya nyuki wadogo wasiouma, ambao hawaihifadhi katika masega bali katika vijungu vya nta iliyochanganywa na utomvu wa miti. Watafiti wa icipe, kituo cha elimu ya wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970, wamewafunza wakazi wa huko kuwafuga nyuki hao mizingani.

Mama alichovya kidole, akamwelekea mjukuu wake. Mdogo wetu akamvuta mwanawe kifuani.

"Mama, niwie radhi. Kliniki wametukataza asali mpaka atimize mwaka."

"Hata hii aliyoitaja Mwenyezi Mungu kuwa ina ponyo?" Mama alifuta kidole chake kwa ncha ya leso, asiseme tena. Usiku ule nyumba ilikuwa nzito.

Asubuhi, mmoja wetu asomeshaye biolojia aliketi mkekani mbele ya Mama. Hakuanza na katazo, alianza na sifa. Asali ya kawaida ina maji kiasi cha asilimia 18 tu. Iliyobaki karibu yote ni sukari, nayo ina asidi. Kimeng'enya anachokitia nyuki huzalisha haidrojeni peroksaidi, dawa ijulikanayo ya kusafishia vidonda. Ndiyo maana vijidudu vingi hufa ndani yake.

Lakini asali si tupu. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walieleza kuwa katika kifuko ambamo nyuki hubebea maji ya maua huishi bakteria jamaa ya wale wanaogandisha mtindi. Bakteria hao hupatikana hai katika asali mbichi, kisha hutoweka baada ya majuma machache. Kwa hiyo asali iliyokaa dukani tusiihesabu kuwa mtindi. Wengine, jamii ya Bacillus, hujifunga katika ganda gumu wakalala muda mrefu, na baadhi yao hutoa vitu vinavyoua bakteria wenzao. Watafiti huwachunguza wakitumaini kupata tiba ya maradhi yaliyozoea dawa. Ni tumaini la kweli, ila kinachoshinda katika kisahani cha maabara hakijawa bado dawa ya mgonjwa.

"Na miongoni mwa wanaolala, Mama, huenda akawamo mmoja mbaya." Anaitwa Clostridium botulinum. Tumbo la mtu mzima limejaa bakteria wenyeji wasiompa nafasi. Tumbo la mtoto mchanga halijapata wenyeji hao. Humo huamka, akatoa sumu inayolegeza misuli: mtoto hufunga choo, hunyonya na kulia kwa unyonge, shingo hulegea, hata pumzi ikashindwa. Dalili hizo ni za kukimbilia hospitali. Kuichemsha asali nyumbani hakuliui ganda lile.

Mama alisikiliza, kisha akauliza, "Basi aya tuiweke wapi?"

Tulirejea Surat An-Nahl, aya ya 68 na 69. Aya ile inataja ponyo kwa watu, na inafunga kwa kuwataja wanaofikiri. Tukakumbuka pia Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeelekezwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, amnyweshe asali nduguye aliyeugua tumbo, mara baada ya mara, mpaka akapona. Kuamini ponyo hakutuzuii kujua ni kwa nani na kwa wakati gani. Na tahniki iliyothibiti katika Sunna ni ya tende. Baba yake mtoto alikwisha kuitimiza siku ya kuzaliwa.

Mama alinyamaza kitambo. Kisha akainuka, akatia kijiko cha asali ile katika maji ya uvuguvugu, akampelekea mdogo wetu kitandani. Mama anyonyeshaye haimdhuru wala haimdhuru mwanawe.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Yeye tutamwekea yake."

Tunawaandikia haya kwa kuwa katika nyumba zetu nyingi kidole cha asali hufika mdomoni mwa mtoto kwa mapenzi matupu. Tuwasubirishe hadi mwaka utimie. Baada ya hapo, kijiko cha asali hutuliza kikohozi. Mwenye kisukari amuulize tabibu wake kwanza.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.