Nionyeshe kwa Kalenda

Tarehe 26 Novemba 2015 serikali ilitupa sikukuu ya ghafla kwa sababu Papa Francis alikuwa Nairobi. Wazazi wangu walitoka Meru usiku na basi la parokia kwenda misa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mimi nililala mpaka saa sita mchana. Waliporudi, viatu vimejaa matope ya mvua, Baba alikuwa anacheka: “Leo hata serikali imekuwa Katoliki!”

Ilikuwa Katoliki siku moja tu. Kwa sensa ya 2019, Wakatoliki ni kama mmoja kati ya Wakenya watano, na hata huku kwetu jirani ni Mmethodisti. Kwa hivyo kalenda inatupa zile za Wakristo wote: Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi. Jumatano ya Majivu unaenda job kama kawaida, na lazima mtu akuambie uso wako uko na uchafu. Sikuwahi kulalamika. Sikukuu kwangu ilikuwa usingizi.

Halafu Baba akafa. Tulimzika nyumbani, na Mama akaanza kuhesabu mwaka kwa Novemba 2, Siku ya Marehemu Wote. Siku hiyo anasafisha kaburi, anawasha mshumaa, anasali. Mwaka wa kwanza alinipigia: “Utakuja?” Nilikuwa nimeajiriwa Embu, duka la vifaa vya ujenzi. Nikaomba ruhusa. Bosi akauliza, “Hiyo ni sikukuu ya wapi? Nionyeshe kwa kalenda.”

Sikuwa na la kuonyesha. Mama alilima kaburi peke yake, na aliponipigia jioni hakunilaumu. Hiyo ndiyo iliniuma. Nilikumbuka ile siku ya 2015. Baba alikuwa hai, serikali imenipa siku nzima ya kuwa naye, na mimi nikailalia.

Mwaka uliofuata nilimtafuta mwenzangu wa kazi, Mwanglikana. Nikampa Jamhuri yangu, yeye akanishikia Novemba 2. Nilipanda matatu ya kwanza: Runyenjes, mto Thuci, Chuka, Nkubu. Nilipofika, Mama alikuwa ameinama kaburini na jembe. Akaniangalia, akashtuka.

“Wamekufuta kazi?”

“Hapana, Mama. Nitaingia kazi Jamhuri Day.”

Alinyamaza kidogo, akafuta mpini kwa leso yake, akanipa jembe.

“Basi anzia upande wa miguu. Hapo magugu ni mengi.”