Ni Watu Gani Hao?

Alipotujia mshenga kumposa mjukuu wetu, hapa Mji Mkongwe, neno la kwanza lililotutoka halikuwa dini ya kijana wala tabia yake. Tuliuliza: "Ni watu gani hao?" Akajibu kwa adabu kuwa ni watu wa Makunduchi. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tukanyamaza kimya ambacho mshenga alikifahamu vyema. Tukamwambia atapata jawabu.

Usiku ule tukafungua kasha la marehemu bibi yetu, tukiitafuta shajara ya nasaba tuliyokuwa tukijifakhirishia tangu utotoni. Shajara hatukuiona. Tulizikuta karatasi tatu za serikali ya zamani, za baba yetu na ami zetu wawili, wana wa baba mmoja na mama mmoja. Mmoja kaandikwa Mwarabu, wa pili Mshirazi, wa tatu Mswahili. Na huyo wa tatu ndiye baba yetu.

Usidhani, ndugu msomaji, kuwa ajabu hii ni ya nyumba yetu peke yake. Katika hesabu ya watu wa Unguja na Pemba ya mwaka 1924, walioandikwa Waswahili walizidi 30,000. Mwaka 1931 hawakufika 3,000. Hapakupita tauni iliyowafagia. Watu walikuwa wale wale, wakilima makonde yale yale na kusali misikiti ile ile; lililoharibika ni jina, kwani lilikwisha kunuka utumwa na unyonge, wakalihama. Baadaye majina hayo yakatwishwa siasa, na sisi tuliokuwa watoto Januari 1964 twajua yalitufikisha wapi.

Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddima mwaka 1377, alikwisha kuliona jambo hili. Kwake yeye nasaba ni kitu cha kudhaniwa tu. Faida yake ni ule mshikamano inaouleta, na mshikamano huo hupatikana pia kwa mapatano na kwa kuishi pamoja. Kitabu hicho tulikisoma ujanani, tukakisifu sana, tusitambue kuwa kinatusema sisi.

Asubuhi tulimwita mshenga. Safari hii tukauliza kijana ana kazi gani, na kama huhudhuria sala ya jamaa. Mshenga akacheka kidogo, akasema kuwa naye babu yake kijana, huko Makunduchi, alikuwa na suala lake: hao wa mjini ni watu gani?

Tukaenda kumletea zile karatasi tatu.